Picha za Jicho Langu Ziko Kwenye Faili Yako

Mdogo wangu Kalekye,

Jicho langu la kushoto lilipotea Jumanne ya pili ya mwezi wa tatu mwaka huu, kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, nikiwa nakata sketi za shule kwenye meza yangu hapa Machakos. Sisemi liliuma, wala sisemi lilipungua nuru. Lilipotea. Nilipoanza kukata kitambaa cha buluu nilikuwa na macho mawili, na nilipofika mwisho wake nilikuwa na moja. Naanza na hilo kwa sababu kwenye meseji yako ya mwisho uliandika "hayo mambo yako ya macho." Si mambo. Ni jicho, ni moja, na siku yake inajulikana.

Nakuandikia wazi, watu wakisoma, kwa sababu simu yangu hushiki tangu mwezi wa nne. Nimepiga mara thelathini na moja. Najua idadi kwa sababu huwa nahesabu. Wewe mwenyewe ulikuwa ukinicheka kwamba nikipanda ngazi nahesabu, nikimenya maharagwe nahesabu. Tena tulichofanya mimi na wewe si chetu peke yetu. Saa hii, hapa mjini, Tala, huko Athi River unakofanya kazi, kuna mtu amekaa kwenye benchi la kliniki akingoja kuitwa kwa jina la ndugu yake. Huyo naye asome. Jina la kampuni yako sikuandika, wala la kliniki, wala la wale wa bima. Sitafuti wa kumfunga. Natafuta picha zangu.

Unakumbuka sweta? Ilikuwa moja, ya kijani, shingo ya V, kiwiko cha kulia kimeshonwa kwa uzi mweusi kwa sababu mama hakuwa na wa kijani. Mimi darasa la saba nikiingia asubuhi, wewe darasa la pili ukiingia baadaye. Tulikutana kwenye ua wa shule pale Kathiani, naivua, unaivaa ikiwa na joto langu, mikono inakuning'inia mpaka magotini. Mwalimu wa zamu alikuuliza, "Hii sweta ni ya nani?" Ukamjibu bila kupepesa, "Ni yetu." Nilikuwa nyuma ya ua nikitetemeka na baridi na nikicheka. Nadhani ni siku ile tulipojifunza kwamba kitu cha mmoja kinaweza kuvaliwa na wawili, na hakuna anayeumia.

Ndiyo maana ulipopata kazi kwenye ofisi ya kile kiwanda, na wakakupa kadi ya bima, hukuificha. Ulikuja nayo nyumbani Jumapili, ukaiweka mezani kando ya sahani ya isyo, mahindi na maharagwe yetu, kama mtu anayeweka hati ya shamba. Mama akaigeuza, akaikagua nyuma na mbele.

"Hii ndiyo inatibu?"

"Ndiyo, mwaitu. Hospitali nzuri, na sitoi kitu mfukoni."

"Basi mtu akiumwa anaipaka wapi?"

Tulicheka mpaka maharagwe yakakupalia. Na mama akaendelea kuishikilia. Yeye ni mtu ambaye jino lilimuuma msimu mzima wa kupanda, akaliwekea karafuu, akapanda. Sisi wote tulikuwa hivyo. Ugonjwa ulikuwa unapimwa kwa swali moja tu: unaweza kusimama? Ukisimama, si ugonjwa.

Kadi ilikubadilisha, na sikulaumu, nilifurahi kuona. Mtoto wako akipiga chafya mara mbili, mko kliniki. Kichwa kikikuuma Ijumaa, Jumamosi umepimwa damu, mkojo na malaria, na ukatoka na mfuko wa dawa nne ambazo tatu ulimpa mama. Mwezi wa kumi na mbili ukifika ofisi yenu yote ilikuwa inakimbilia macho na meno, eti pesa za mwaka zisirudi kwa bima. Nilikuja kukutembelea mwezi wa kwanza nikakuta karani, dereva, mama wa chai, wote wamevaa miwani mipya inayofanana. Nikakuuliza, "Kalekye, hapa ni ofisini au ni kwaya?" Ukaniambia, "Nyamaza, mimi hata sioni vizuri nikiivaa."

Na mimi wakati huo nilikuwa na cherehani tatu na wafanyakazi wawili, nikilipa matibabu mkononi. Kwa hiyo sikuwa nikienda. Nilikuwa na kiu ya ajabu, naamka kukojoa, miguu inawaka, na nilikuwa naisimamia kazi yangu. Unaweza kusimama? Naweza. Mpaka siku ile nilipoinama kuokota mkasi na nisiinuke, na Mutheu, yule mama anayenishonea kola, akakupigia simu akilia.

Ulikuja ukiwa na kadi mkononi. Sitasahau ulivyosema, kwa sababu hukuwa na hila yoyote. Ulisema, "Si tunafanana?"

Tunafanana kweli. Meno ya mama, paji la mama, na ukinitoa miaka mitano unabaki wewe. Tukiwa kwenye boda ulinifunza tarehe yako ya kuzaliwa mpaka dereva akaijua. Tulipofika nikaketi. Yule msichana wa mapokezi akaita, "Kalekye!" Nikatulia tuli, nikitazama televisheni. Akaita tena. Ukanipiga teke. Akaita mara ya tatu ndipo nikaruka.

"Mama, wewe ndiye Kalekye?"

"Ndiye mimi. Ni masikio tu."

Basi akaandika masikio. Daktari akaniangalia masikio yote mawili, akayaosha kwa maji ya vuguvugu, akaniandikia matone, kabla hajafika kwenye sukari. Masikio yangu hayakuwa na shida tangu nizaliwe, Kalekye, na siku ile yalitibiwa kama ya waziri. Ulicheka kule nje mpaka mlinzi akaja kuuliza kama uko sawa.

Sukari ilikuwa kumi na saba nukta mbili. Nimeiandika. Unajua lile daftari langu la vipimo, la kifua, kiuno na urefu wa watoto wa watu. Ukilifungua kutoka nyuma ni vipimo vyangu mimi. Tarehe, saa, sukari, presha, na jina la daktari. Nilianza siku hiyo na sijaacha. Miaka mitatu kwa jina lako nimeenda kliniki mara kumi na nne. Wewe mwenyewe, kwa shida zako, mara tisa. Nilimuuliza mama hesabu zako, akanipa zote, huwa anakumbuka kila siku uliyoumwa.

Na nitasema jambo ambalo linawaudhi watu: nilipona vizuri kwa wizi ule. Sukari ilishuka mpaka saba. Miguu ikaacha kuwaka. Nilikuwa naenda kila miezi mitatu bila kusukumwa, napimwa, naulizwa, naambiwa niketi. Mwili ni uleule niliokuwa nao nikilipa mkononi, na ukaidi ni uleule. Aliyebadilika ni anayelipa tu. Mtu anayesema watu wa kwetu hatupendi hospitali aje nimwonyeshe daftari. Tunapenda sana. Tunachoogopa ni dirisha la kulipia.

Mara mbili walinipiga picha za nyuma ya macho. Hizo ndizo picha ninazozungumzia. Waliniwekea yale matone yanayopanua mboni, ukanishika mkono tukatoka, na jua la saa saba likanipiga kama tochi usoni. Sikuona kitu. Ulininunulia miwani myeusi ya barabarani, yenye dhahabu pembeni, na ukaniongoza kutoka kliniki mpaka dukani kwangu ukinitangazia mji kama mtu wa redio. "Hapa kuna shimo, vuka. Hapa kuna mama anauza ndizi, anakukodolea. Hapa kuna jamaa wa mashamba, anadhani wewe ni tajiri." Na kweli yule jamaa akaanza, "Mama mheshimiwa, niko na ploti Konza, ya mwisho, karibu na lami." Ukamjibu kwa niaba yangu, "Mheshimiwa hanunui asichokiona." Nilikuwa nimekushika kiwiko. Sikuwa na hofu hata kidogo. Nataka ukumbuke kwamba kuna siku sikuona kitu na sikuwa na hofu, kwa sababu ulikuwa upande wangu wa kushoto.

Halafu kulikuwa na Jumanne. Wale wa bima walikuwa na muuguzi wa kupiga simu. Kwenye kompyuta yao Kalekye ana sukari, basi kila Jumanne alikupigia kukuuliza kama umemeza dawa. Na wewe, ukiwa ofisini, mzima kama kengele, ulikuwa unamwambia asubiri kidogo, unanipigia kwa simu ya pili.

"Umemeza dawa zangu?"

"Bado, niko na mteja."

"Meza sasa. Niko na muuguzi hapa, nataka kumwambia nimemeza."

Nameza. Unamwambia, "Nimemeza." Wateja wangu walidhani nina dada mkali. Nilikuwa naye. Zaidi ya Jumanne mia moja, Kalekye, mtu asiyenijua alimpigia mtu asiye mgonjwa, na mimi nikameza dawa. Nikikaa nikifikiria naona hiyo ndiyo bima iliyofanya kazi: si kadi, ni wewe na simu zako mbili.

Kisha wakaleta alama za vidole. Kadi ikawa haitoshi, lazima kidole. Tunafanana uso, kidole hapana. Ulikuja dukani, ukakaa kwenye kile kiti cha wateja, ukasema, "Dada, imeisha." Nikakuambia hakuna neno, nitajipanga. Wala sikukasirika. Lakini kuna jambo ulilifanya wiki ile ambalo hukuniambia, na nilikuja kulijua baadaye kwa mdomo wako mwenyewe, tukiwa kwa mama, ukilisimulia kama kichekesho. Muuguzi alipiga simu Jumanne. Ukamwambia umepona. "Nilimwambia nimeombewa," ulisema, na mama akacheka, na mimi nikacheka.

Sikupaswa kucheka. Siku ile nilipona kwenye karatasi. Hakuna mtu tena aliyekuwa akijua kwamba Machakos kuna mwanamke mwenye sukari. Faili iliyokuwa na ugonjwa wangu ilikuwa na jina lako, na yenye jina langu haikuwepo.

Nilikaa miezi minane nikinunua dawa kwenye duka la dawa kwa kukisia. Kisha, kwa kuwa nilishafikisha cherehani sita na si wa kuomba mtu, nikajinunulia bima yangu mwenyewe mwezi wa tano mwaka jana. Ajenti alikuja na fomu. Kulikuwa na swali: je, una ugonjwa wowote wa zamani? Na chini yake, kwamba ugonjwa wa zamani hautalipwa mpaka miezi kumi na miwili iishe, na lazima uutaje. Nilikupigia. Ulikuwa na haraka, lakini ulinijibu.

"Faili yako iko na nini?"

"Faili yangu? Sina faili."

"Basi huna ugonjwa. Andika hakuna."

Nikaandika hakuna. Mkono ni wangu, kalamu ni yangu, sitakupakazia hilo. Kampuni ya bima ilipokataa kunilipia baadaye, sikwenda kupiga kelele mlangoni kwao. Nilidanganya, wakakataa, tuko sawa. Hesabu yangu na wao imefungwa.

Hesabu yetu mimi na wewe ndiyo haijafungwa, kwa sababu ya mwezi wa kumi na moja.

Mwezi wa kumi na moja nilianza kuona uzi. Nilidhani ni uzi kweli, mweusi, umekwama kwenye kope. Mimi hushinda kwenye nyuzi, ningewaza nini? Nilikuwa nautoa hautoki. Mutheu akanipulizia jichoni, akaniambia hakuna kitu. Nyuzi zikawa mbili, zikawa kama mtu amefumua pindo ndani ya jicho langu. Nikajua. Nilikuwa nimeambiwa na yule daktari wa picha: ukiona nyuzi, njoo siku hiyohiyo. Aliniambia mimi, akakuandikia wewe.

Nilikuwa na pesa ya kwenda, Kalekye. Hilo ndilo linaloniumiza hata kuliandika. Miaka ile nilipokuwa sina kitu ningesema sikuwa na uwezo. Safari hii nilikuwa nao, kwenye simu, siku ileile. Nikakupigia kwanza kwa sababu wewe ndiye unayejua mambo ya bima. Ukaniambia, na niliandika kwenye daftari kwa maneno yako: "Usiende sasa. Ukienda sasa wataona ni ya zamani, watakufuta. Imebaki miezi sita tu. Ngoja mwaka uishe, uende kama mtu ambaye imeanza juzi."

Na mimi nikakubali, kwa kuwa hesabu ilinipendeza. Kwa nini nilipe leo kitu ambacho mwezi wa tano kitalipwa? Nilichora miezi kwenye ukurasa wa mwisho, kumi na miwili, nikawa naikata mmoja mmoja. Wa kumi na moja, tiki. Wa kumi na mbili, tiki. Nilipokuwa nalipa mkononi niliogopa kwenda kwa sababu sina bima. Nilipokuwa na bima niliogopa kwenda kwa sababu ninayo. Nilikuwa nimekata kumi, imebaki miwili, siku ile kitambaa cha buluu kilipofika mwisho. Hesabu haikuwa na kosa popote. Jicho ndilo halikuwa limesoma fomu.

Daktari wa macho niliyemwendea ni mtu mpole. Aliniambia la kushoto limekwisha, damu iliingia ndani, na pazia la nyuma ya jicho likang'oka, na kama ningekuja mwezi wa kumi na moja tungekuwa tunaongea mengine. Nikamshukuru kwa kuniambia wazi. Kisha akaliangalia la kulia kwa muda mrefu, akavuta kiti.

"Mama Wavinya, hili nalo limeanza. Linaharibika, lakini sijui linakwenda kwa kasi gani. Liko na picha za zamani?"

"Ziko."

"Ziko wapi?"

Nikamwambia kila kitu. Akashusha kalamu. Akasema hawezi kupangia jicho langu kwa picha za mtu mwingine. Kama ni zangu, kliniki ithibitishe ni zangu. Akizipata atajua kama tuanze kulichoma kwa miale sasa, au kuna nafasi ya kungoja, kwa sababu kuchoma nako kunakula sehemu ya kuona. Akinianza bila kujua, anakata bila kupima. Alisema hivyo hasa, "kukata bila kupima," na hakujua anaongea na nani.

Nikaenda kliniki na daftari langu. Yule wa kutunza mafaili alinisikiliza, akafungua kompyuta, na nikaona kwa jicho langu hili moja zile picha mbili, nyekundu kama machungwa yaliyokatwa katikati, na juu yake jina lako. Tarehe zinafuatana na daftari langu moja kwa moja. Akatikisa kichwa.

"Mama, hizi ni za Kalekye. Kama si zake, aje yeye mwenyewe na kitambulisho, aseme si zake. Atie sahihi, tunazihamisha."

Hiyo tu. Sahihi moja. Ndiyo ninayokuomba tangu mwezi wa nne.

Najua unachoogopa. Ulimwambia mama, mama akaniambia: kwamba kampuni yenu imeanza kukagua kadi, na madereva wawili wamefutwa kwa kupeleka binamu zao. Kwamba una mkopo wa nyumba huko Syokimau na mtoto anaingia kidato cha kwanza. Nimelisikia lote na silidharau. Kazi ni kazi. Mimi mwenyewe nilianza kwa kukarabati zipu kwenye veranda ya mtu, siwezi kumcheka mtu anayeogopa kurudi huko. Lakini umeniweka mahali ambapo lazima niweke vitu viwili mezani na kuvipima, kazi yako na jicho langu, na wewe ndiye uliyezima simu ili usiuone utepe wa kupimia. Ukifutwa, cherehani ya saba iko hapa haina mtu, na nitakulipa mshahara, si sadaka. Nikipofuka, ofisi yako yote na miwani yao haitanifaa kitu.

Tena fikiria jambo hili kwa makini, kwa sababu najua unapenda ushauri wenye faida. Ile faili haidanganyi juu yangu tu. Inasema wewe una sukari. Siku moja, na Mungu apishe mbali, utaingizwa huko huwezi kuongea, wafungue kompyuta, wakutibu ugonjwa wangu. Umewahi kuwaza hilo? Wakuchome sindano ya kushusha sukari ambayo haijapanda? Tulivaa sweta moja kwa sababu ilikuwa moja. Damu tulikuwa nazo mbili tangu mwanzo, na tukaziandika kama moja, na sasa kila mmoja wetu ana hatari ambayo si yake.

Mimi sitanyamaza tena ili mtu abaki salama. Nilinyamaza kwenye benchi, nikanyamaza kwenye fomu, nikanyamaza miezi minne na uzi jichoni. Kila kunyamaza kulikuwa na sababu nzuri na ushauri mzuri. Kama kliniki itanidai kwa zile siku kumi na nne, nitalipa, idadi ninayo. Kama wale wa bima watanifungia maisha, wanifungie. Nimewaambia wafanyakazi wangu sita, na Mutheu akiwa wa kwanza, kwamba mtu akiumwa aende siku hiyo, kwa jina lake, na asimngoje mtu wala mwezi. Mutheu akaniuliza, "Na kama sina?" Nikamwambia aje kwangu, tutajua cha kufanya, lakini aje akiwa bado anaona.

Ninakukosa, Kalekye. Ni vigumu kulisema nikiwa na hasira hivi, lakini ni kweli. Nikivuka barabara sasa nageuza kichwa chote kushoto, na kila nikigeuka natafuta mtu wa kunitangazia shimo. Hakuna. Jumanne ikifika saa nne bado naitazama simu. Nameza mwenyewe.

Miadi yangu na daktari wa macho ni Jumatatu. Kwa hiyo Ijumaa hii, saa mbili asubuhi, nitakuwa kwenye lile benchi la kliniki, lile lile la televisheni. Nitakuwa na daftari. Nimemwomba yule wa mafaili, na amekubali, tuingizwe kwenye orodha kwa jina lililo kwenye faili, kwa kuwa ndiyo sheria yao. Ukija au usije, nitasema kila kitu kama nilivyokisema hapa. Tofauti ni moja: ukija, natoka na picha zangu. Usipokuja, natoka na ukweli mtupu, na daktari anakata bila kupima.

Sitaki maelezo, sitaki salamu kupitia kwa mama, sitaki "tutaongea." Nataka neno moja kwenye simu yangu kabla ya Jumatano saa kumi na mbili jioni: unakuja, au huji?

Na ukija, kaa karibu nami, upande wa kushoto. Wakiita "Kalekye," safari hii mimi sitasimama. Simama wewe.

Dada yako, mwana wa mama mmoja,
Wavinya